Kuandaa ukurasa wa mwaka: viongozi na matukio ya Tanzania 1964

Ukiulizwa nani alikuwa Rais wa Tanzania tarehe 1 Januari 1964, jibu sahihi ni kwamba hakuwapo, kwa sababu Tanzania yenyewe haikuwapo. Bara kulikuwa na Jamhuri ya Tanganyika chini ya Julius Nyerere. Visiwani kulikuwa na Zanzibar ya Sultani Jamshid bin Abdullah, iliyokuwa na umri wa siku 22 tangu ipate uhuru. Hadi Desemba inaisha, sultani alikuwa Uingereza, nchi mbili zilikuwa moja, jeshi la zamani lilikuwa limevunjwa na jipya limeundwa, na jina la nchi lilikuwa limebadilishwa tena. Ndiyo maana mwaka huu unafaa kujifunzia kazi ya kuandaa ukurasa wa mwaka, yaani ule unaoorodhesha viongozi waliokuwa madarakani na matukio makubwa ya nchi, Januari hadi Desemba. Ukiuweza 1964, mwaka kama 1978 au 1995 utakuwa mteremko.

Kanuni inayobeba kazi yote ni moja: kila mstari uandikwe kwa hali ya siku yake. Tukio la Februari lisipewe jina la nchi la Novemba, wala la leo. Makosa mengi yanayoonekana kwenye kurasa za namna hii, mtandaoni hata katika vitini vya shule, yanatokana na kuivunja kanuni hiyo bila kujua.

Anza na jedwali, si na ukurasa

Usianze kuandika sentensi nzuri. Fungua jedwali kwenye kompyuta, au daftari la mistari likikosekana, na uweke safu saba: tarehe, saa (kama inajulikana), mahali kwa jina la wakati ule, tukio kwa sentensi moja, chanzo cha kwanza, chanzo cha pili, na safu ya shaka. Hiyo ya mwisho watu huiruka, nayo ndiyo itakayokuokoa. Humo unaandika mambo kama "gazeti linasema Jumapili, kitabu kinasema Jumatatu", kisha unaendelea na kazi badala ya kukwama hapo nusu siku.

Tarehe ziandike kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku: 1964-01-12. Kuna sababu mbili. Kwanza, ukipanga safu, mistari hujipanga yenyewe. Pili, kompyuta nyingi hutoka kiwandani na kalenda ya Kimarekani inayoanza na mwezi. Ukiandika 1/9/1964 kwa ajili ya kuanzishwa kwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, programu itasoma 9 Januari, na JWTZ litazaliwa kabla ya Mapinduzi, kabla ya maasi yaliyosababisha liundwe na kabla ya nchi linayoilinda. Kosa la aina hii halionekani kwa macho, maana 9 Januari nayo ni tarehe halali. Tarehe yenye siku zaidi ya 12, kama 26/4, programu huikataa, na hapo angalau unashtuka.

Ukiandaa mwaka wa zamani zaidi, kwa mfano 1896 kwa ajili ya vita vifupi vya Unguja vya 27 Agosti, safu ya tarehe ifanye kuwa maandishi ya kawaida. Excel haizitambui tarehe za kabla ya 1900.

Kwa mwaka uliojaa kama 1964, lenga matukio 30 hadi 45. Mwaka mtulivu unatosheka na 15 au 20. Ukipita 50 unakuwa umeanza kuandika habari za kila siku, na msomaji hataona lililo kubwa. Kila mstari uwe na maneno yasiyozidi 35 au hivi. Ukihitaji zaidi, tukio hilo linadai ukurasa wake.

Viongozi wana tarehe, hawana mwaka

Kosa la kawaida ni kuweka "Rais: Julius Nyerere, Makamu wa Rais: Abeid Amani Karume" juu ya ukurasa na kuendelea. Kwa mwezi wa Novemba hilo karibu linasimama. Kwa mwezi wa Machi ni uongo. Mwaka 1964 unahitaji mafungu matatu.

Tanganyika, 1 Januari hadi 25 Aprili:
- Rais: Julius Nyerere, tangu 9 Desemba 1962
- Makamu wa Rais: Rashidi Kawawa
- Spika: Adam Sapi Mkwawa
- Jaji Mkuu: Ralph Windham

Zanzibar, 1 Januari hadi 25 Aprili:
- Sultani: Jamshid bin Abdullah, hadi 12 Januari
- Waziri Mkuu: Mohamed Shamte Hamadi, hadi 12 Januari
- Rais: Abeid Amani Karume, kuanzia Mapinduzi
- Waziri Mkuu wa mwanzo wa serikali ya Mapinduzi: Abdulla Kassim Hanga

Jamhuri ya Muungano, kuanzia 26 Aprili:
- Rais: Julius Nyerere
- Makamu wa Kwanza wa Rais: Abeid Amani Karume, ambaye aliendelea kuwa Rais wa Zanzibar
- Makamu wa Pili wa Rais: Rashidi Kawawa
- Spika na Jaji Mkuu: walewale

Fungu la tatu lina mitego miwili. Wa kwanza ni Waziri Mkuu. Kawawa alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962 hadi nchi ilipokuwa jamhuri, na akawa tena Waziri Mkuu, safari hii wa Tanzania, mwaka 1972. Kati ya hapo cheo hicho upande wa Bara na Muungano hakikuwapo. Mwandishi anayefuata kiolezo chenye kisanduku cha "Waziri Mkuu" hujikuta amekijaza jina la Kawawa kwa sababu tu kisanduku kinaomba kujazwa. Kifute. Kiolezo ni mtumishi wako, si bosi wako.

Mtego wa pili ni "Makamu wa Kwanza". Mwaka 1964 huyo ni Makamu wa Kwanza wa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Tangu 2010, chini ya muundo wa Serikali ya Umoja wa Kitaifa, maneno hayohayo yanamtaja Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, kitu kingine kabisa. Ukinakili safu za ukurasa wa 1964 kwenda ukurasa wa 2021 bila kubadili maneno, utampandisha Maalim Seif Sharif Hamad kwenye cheo cha Muungano ambacho hakuwahi kukishika. Kwa hiyo andika cheo kizima kila mara, hata kama kinachosha.

Majina ya heshima, kama Mwalimu, Mzee, Sheikh na Bibi, yaache nje ya orodha ya viongozi. Si kwa kukosa adabu: "Mwalimu" hakikuwa cheo cha serikali, na safu hii ni ya vyeo. Ndani ya sentensi za matukio unaweza kuyatumia pale ambapo watu walimjua mtu kwa jina hilo. Tahajia nayo chagua moja na usiiache. Utakuta Mohamed na Muhammad Shamte, Rashid na Rashidi Kawawa, Abdulla na Abdallah Hanga. Weka unayoiona zaidi katika nyaraka rasmi, na zile nyingine zitaje mara moja tu ili anayetafuta azipate.

Nafasi ikikaa wazi, sema iko wazi. Mfano mzuri ni 2021. Rais John Magufuli alifariki 17 Machi. Samia Suluhu Hassan aliapishwa 19 Machi. Orodha iandike "hadi 17 Machi" na "kuanzia 19 Machi", bila kuzivuta tarehe zigusane. Umakamu wa Rais nao ulibaki bila mtu kuanzia 19 Machi hadi Philip Mpango alipoapishwa 31 Machi. Siku hizo 12 ni sehemu ya historia, na mtu anayezifunika ili jedwali lipendeze anaiharibu kazi.

Tarehe inapatikana wapi, na inapotokea wapi

Vyanzo vya 1964 ni vingi kuliko watu wanavyodhani. Gazeti la Serikali lina teuzi na sheria. Taarifa rasmi za Bunge, zile tunazoziita Hansard, zina mijadala kwa siku. Magazeti ya Kiswahili yaliyokuwa mitaani ni pamoja na Uhuru, la TANU, na Ngurumo. Ya Kiingereza ni Tanganyika Standard na, kuanzia Aprili mwaka huohuo, The Nationalist. Nakala zake zitafute Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye mkusanyiko wa Afrika Mashariki, na katika Nyaraka za Taifa. Kwa upande wa visiwani nenda Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani. Kila mstari upe vyanzo viwili, na kimoja kati yake kiwe kimechapishwa 1964 kwenyewe. Vitabu viwili vilivyonakiliana havihesabiki kuwa viwili.

Gazeti la asubuhi linaripoti ya jana. Tarehe iliyo juu ya ukurasa wa mbele si tarehe ya tukio, na neno "jana" ndani ya habari lihesabu kwa kidole. Rahisi hivyo, lakini ndilo kosa linaloongoza.

Matukio ya usiku yanahitaji uangalifu wa peke yake, na 1964 ilianza na mawili. Mapinduzi ya Zanzibar yalitokea usiku wa kuamkia Jumapili, 12 Januari. Wiki moja baadaye, usiku wa kuamkia Jumatatu, 20 Januari, askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la Tanganyika la wakati ule, waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Baadhi ya vyanzo vya Kiingereza vitakupa 19 Januari kwa hilo la pili. Mzee wa pwani atakwambia ilikuwa "usiku wa Jumatatu", na mtu wa bara atasema "Jumapili usiku". Wote watatu wanazungumzia giza lilelile. Kwa hesabu ya pwani, usiku hutangulia mchana wake, siku inaanza jua likizama. Kwa hesabu ya Kizungu, siku inageuka saa 6 usiku. Kiswahili kimeshatupatia dawa: andika "usiku wa kuamkia 20 Januari" na ubishi unakwisha.

Saa nazo zigeuze kwa makini. Ripoti ya Kiingereza ikisema 2 a.m., hiyo ni saa 8 usiku. Mtu akikuhadithia "saa nane" bila kusema ya mchana au ya usiku, muulize kabla hamjaachana.

Siku ya wiki ni kipimo cha bure, kitumie kwa kila mstari. Fungua kalenda ya 1964, mwaka mrefu wenye 29 Februari, na ulinganishe. Jumapili 12 Januari inakubali. Jumapili 26 Aprili inakubali. Chanzo kikisema "Jumatatu 26 Aprili 1964", kimoja kati ya vitu viwili kimekosewa, na kwenye safu ya shaka kinaingia.

Sentensi moja, makosa manne

Chukua mstari huu, wa aina inayozunguka sana mitandaoni kila ifikapo mwisho wa Aprili:

"26 Aprili 1964: Rais wa Tanzania Julius Nyerere asaini Hati za Muungano jijini Dar es Salaam."

Tarehe si yenyewe: hati zilisainiwa 22 Aprili. Mahali si penyewe: zilisainiwa Zanzibar. Cheo si chenyewe: siku hiyo Nyerere alikuwa Rais wa Tanganyika. Na kuna mtu amesahaulika: Karume alisaini pia, maana mkataba hausainiwi na mkono mmoja. Lakini mwandishi hakutunga. Ameyakoroga matukio matatu yaliyopishana kwa siku chache akapata uji mmoja. Ukiyatenganisha unapata mistari mitatu:

22 Aprili: Rais Julius Nyerere wa Tanganyika na Rais Abeid Amani Karume wa Zanzibar wasaini Hati za Muungano, Zanzibar.

26 Aprili: Muungano waanza, nchi yaitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar.

27 Aprili: Viongozi wabadilishana hati katika ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam. Udongo wa pande mbili wachanganywa.

Ile picha maarufu ya Nyerere akimimina udongo kwenye chungu ni ya mstari wa tatu. Kila mwaka inabandikwa chini ya wa kwanza.

Njia hiyo ya kutenganisha itumie popote jambo moja lina hatua kadhaa. Azimio la Arusha lilikubaliwa na Halmashauri Kuu ya TANU mwishoni mwa Januari 1967, likatangazwa 5 Februari. Reli ya TAZARA ilisainiwa mkataba 1967, ujenzi ukaanza 1970, ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. Miradi ndiyo hatari kuliko yote, kwa kuwa jiwe la msingi na ufunguzi hupewa kichwa cha habari kimoja, na daraja moja huweza "kufunguliwa" kwenye kurasa za miaka miwili tofauti. Ukikuta neno "kuzindua", usiendelee hadi ujue kilichozinduliwa ni ujenzi au ni kitu chenyewe.

Jina la Tanzania lilianza lini?

Hapa pameshawagombanisha watu wengi waliosoma vizuri. Utakutana na tarehe zaidi ya moja, na kila moja ina mahali pake.

29 Oktoba 1964 ndiyo siku jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania lilipotangazwa. 1 Novemba ndiyo Umoja wa Mataifa unayoandika katika kumbukumbu zake kwamba mwanachama wake, Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, amebadili jina. Desemba ni mwezi ambao sheria ya jina ilipitishwa, ikahesabiwa kuwa imeanza kutumika tangu 29 Oktoba. Sheria kurudishwa nyuma namna hiyo si ajabu, na ndiyo inayowachanganya wanaosoma tarehe ya saini peke yake.

Kwenye ukurasa, mstari mkuu uwe 29 Oktoba. Hiyo 1 Novemba itaje ndani ya mstari huohuo kwa maneno machache. Kinachofuata ni muhimu zaidi: pita kwenye jedwali lote na uangalie kila mahali ulipoandika "Tanzania" kabla ya tarehe hiyo. Kuanzia 26 Aprili hadi 28 Oktoba nchi ni Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Ni refu, ndiyo. Ukishalitaja mara moja, baada ya hapo sema "Jamhuri ya Muungano".

Kichwa cha ukurasa ni suala jingine. Hapo tumia jina la leo, Tanzania 1964, kwa sababu ndilo msomaji atakaloandika akitafuta. Jina la leo kwenye kichwa, jina la siku ile ndani.

Kuna tukio moja la mwaka huo linalouonyesha mkanganyiko huu vizuri. Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ilifanyika 10 hadi 24 Oktoba, na wanamichezo wetu, kwa mara ya kwanza katika Olimpiki, walishindana kwa jina la Tanganyika, miezi sita baada ya Muungano. Usiwasahihishe. Hivyo ndivyo walivyoandikishwa. Majirani zetu walipata kihoja kikubwa zaidi: waliingia Tokyo kama Rhodesia ya Kaskazini wakatoka kama Zambia, kwani uhuru wao ulikuja 24 Oktoba, siku michezo ilipofungwa.

Vitu visivyokuwapo

Baada ya jina la nchi, soma jedwali mara ya pili ukiwinda vitu ambavyo 1964 havikuwapo. Vinavyojitokeza sana ni hivi.

CCM. Chama hiki kilizaliwa 5 Februari 1977 kwa kuungana TANU na ASP (Afro-Shirazi). Mwaka 1964 kulikuwa na TANU bara na Afro-Shirazi visiwani, vyama viwili chini ya nchi moja, na hali hiyo iliendelea kwa karibu miaka 13.

Shilingi ya Tanzania. Ilianza 14 Juni 1966 pamoja na Benki Kuu. Mshahara, bei au bajeti yoyote ya 1964 ni shilingi ya Afrika Mashariki.

Lugalo. Kambi iliitwa Colito. Andika "kambi ya Colito (sasa Lugalo)" mara ya kwanza, kisha Colito tu.

Mikoa. Njombe, Geita, Simiyu na Katavi ni mikoa ya 2012, Songwe ya 2016. Tukio la Geita la 1964 halikutokea "mkoani Geita". Taja mji wenyewe na inatosha.

Makao makuu Dodoma. Uamuzi wa kuhamia huko ni wa 1973.

Na Field Marshal John Okello, aliyejitangaza kiongozi wa Mapinduzi ya Zanzibar, usimpe cheo ndani ya JWTZ. Alikuwa ameshaondolewa Zanzibar tangu Machi, miezi kadhaa kabla jeshi hilo halijaanzishwa.

Kipi kiingie

Jiulize swali la kikatili: tukio hili lingeondolewa, mwaka ungeeleweka tofauti? Kubadilika kwa kiongozi, sheria, mpaka, fedha, jina au jeshi kunaingia. Maafa yaliyoua watu wengi yanaingia. Hotuba haiingii isipokuwa ilitangaza jambo lililotekelezwa. Ziara ya mgeni inaingia kwa nadra sana. Kukata utepe hakuingii.

Kwa kipimo hicho 1964 inatoa, pamoja na yaliyokwisha kutajwa: kutua kwa makomando wa Uingereza kutoka manowari Centaur alfajiri ya 25 Januari kuzima maasi, kwa ombi la serikali; kutangazwa kwa ardhi yote ya Zanzibar kuwa mali ya serikali, 8 Machi; kuwasili kwa askari wa Nigeria mwezi Aprili kushika ulinzi wakati nchi haina jeshi la kutegemea; kuanza kwa Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano, Julai; kuundwa kwa JWTZ, 1 Septemba, chini ya Mirisho Sarakikya; tangazo la Karume la elimu bila malipo Zanzibar, 23 Septemba; na Chuo Kikuu kuhamia Mlimani kutoka majengo ya Lumumba.

Vipi kuhusu mambo ya jirani? Wiki ile ya Januari wanajeshi waliasi pia Jinja, Uganda, tarehe 23, na Lanet, Kenya, tarehe 24. Hayo ni ya kurasa za Uganda na Kenya. Kwenye ukurasa wetu yape nusu sentensi ndani ya mstari wa maasi. FRELIMO kuanza vita 25 Septemba ni ya ukurasa wa Msumbiji, ingawa makao yao yalikuwa Dar es Salaam. Ukianza kuingiza kila harakati iliyopanga mipango Dar katika miaka ile, utaandika historia ya nusu ya Afrika.

Gawa Bara na Visiwani? Hapana. Panga yote kwa tarehe katika mfululizo mmoja. Orodha mbili zinaficha jambo ambalo msomaji anapaswa kuliona: Mapinduzi tarehe 12, maasi tarehe 20, makomando tarehe 25, Muungano miezi mitatu baadaye. Yakikaa pamoja, mwendo unajionyesha bila wewe kuandika neno la kuufafanua.

Mstari wa 12 Januari

Huu ndio mstari mgumu kuliko yote, na unasomwa Unguja, Pemba, Dar na pia Muscat na Dubai, na familia ambazo usiku ule uliwaachia kumbukumbu tofauti. Sifa na laana zote zikae pembeni. Andika kinachothibitika: serikali ya Sultani na Waziri Mkuu Shamte yapinduliwa; Sultani Jamshid aondoka nchini; Baraza la Mapinduzi laundwa, Karume awa Rais. Mstari unaofuata useme wazi kwamba watu wengi waliuawa, na wengi zaidi walikimbia nchi. Idadi usiweke moja. Makadirio yanaanzia mamia hadi maelfu mengi kutegemea nani anahesabu, na namba moja kavu kwenye orodha hugeuka ukweli kwa kunakiliwa. Ukilazimika kutaja namba, itaje pamoja na aliyeitoa.

Nani hasa aliongoza usiku ule, Okello au wengine, ni swali la kitabu. Mstari wa maneno 35 hauna nafasi ya kulijibu bila kudanganya.

Waliozaliwa na waliofariki

Sehemu hii ifanye mwisho na usiipe muda mwingi. Watu kumi kila upande wanatosha. Kwa waliozaliwa, tahadhari na 1 Januari na 1 Julai: ukiona wingi wa watu waliozaliwa siku hizo, mara nyingi mtu alijua mwaka tu na karani akajaza siku. Mwaka peke yake unakubalika, andika "1964". Kifo kinahitaji tangazo la wakati uleule. Tanzia ya gazetini ni bora kuliko wasifu ulioandikwa miaka 30 baadaye.

Ukaguzi kabla ya kuchapisha

Soma ukurasa kutoka Desemba kurudi Januari. Ukisoma kwa mwendo wa kawaida akili hujaza mapengo yenyewe. Ukirudi kinyumenyume kila mstari unasimama peke yake, na cheo kisichokuwapo kinakurukia. Kisha mpe mtu mwingine achague mistari mitano bila kukuuliza, akatafute vyanzo vyake mwenyewe. Akishindwa kuuthibitisha hata mmoja, rudi ukague yote.

Baada ya kuchapisha, watu watakuandikia. Wengi watasema Muungano ulikuwa 22 Aprili, wengine 27, na kila mmoja atakuwa na picha. Usijibu kwa hoja. Waelekeze kwenye mistari mitatu. Wachache watakuletea kitu kipya cha kweli, na hao ndio wa kuwasubiri. Mtu wa ukurasa mmoja huendelea pia kuishi katika kurasa nyingine: Jamshid bin Abdullah, aliyetoka kwenye orodha yetu tarehe 12 Januari 1964, aliishi Uingereza miongo mingi, akahamia Oman 2020, akafariki 30 Desemba 2024. Kwa hiyo siku hiyohiyo kulikuwa na mstari wa kuongeza kwenye waliofariki wa 2024, na kiungo cha kurudi hapa.